Sura ya Tano: Binti Akirithi, Ardhi Itaisha?

Mazungumzo ya urithi yakianza kwenye vilima vya kati vya Burundi, swali ni lile lile, liwe limetoka kwa mzee, kwa kijana anayetafuta kuoa, au kwa mama aliyezaa wavulana watupu: "Shamba lenyewe haliwatoshi wavulana, tukiwagawia na mabinti, kitabaki nini?" Swali hili si la kipuuzi, na wanaoliuliza si watu wabaya. Burundi nzima ina kilomita za mraba 27,834, na sehemu ya hizo ni maji ya Ziwa Tanganyika. Sensa ya 2008 ilihesabu watu wapatao milioni 8, na leo wamezidi milioni 12. Karibu watu tisa kati ya kumi wanategemea jembe. Ukifika Ryansoro, iliyokuwa moja ya tarafa 11 za mkoa wa Gitega kabla ya ramani ya utawala kuchorwa upya mwaka 2025, au ukienda kaskazini hadi Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, unakuta hali ile ile: kaya moja, nusu hekta au pungufu, na watoto wanaokua. Mtu anayeishi hivyo ana haki ya kuogopa mgawanyo mpya.

Hofu hiyo inastahili jibu lenye hesabu, si kauli za mikutano. Jibu langu ni kwamba ardhi haitaisha kwa sababu binti amerithi. Nitakwenda mbali zaidi niseme kwamba mambo matatu tunayoyalalamikia kila siku, yaani kazi ya mwanamke isiyomletea kipato, kipigo cha nyumbani kisicho na mwisho, na usawa unaoishia kwenye karatasi, yana mzizi mmoja, na mzizi huo uko shambani. Tunaweza kuyatibu moja moja kwa semina na mabango, lakini yataendelea kurudi maadamu anayelima shamba hana haki nalo.

Itongo, igiseke na pengo la sheria

Kwanza tuweke maneno sawa. Itongo ni ardhi ya familia, ile iliyotoka kwa babu ikamfikia baba na sasa inasubiri watoto. Kwa mila, itongo hugawanywa kati ya wavulana. Binti huolewa na kwenda kuishi kwenye itongo la mume, na huko halipati kuwa lake, kwa kuwa ni la ukoo wa mume. Kwao, baba mwenye moyo mwema anaweza kumpa kipande kidogo kiitwacho igiseke, ambacho binti hukilima na kula mazao yake bila kuwa mmiliki. Hawezi kukiuza, na kwa kawaida hawezi kuwarithisha watoto wake. Akifa, au kaka zake wakibadili mawazo, kipande hurudi kwenye ukoo. Binti aliyeachika naye hurudi kwao akaomba kijisehemu cha kulima, na jibu hutegemea hali ya wifi yake zaidi ya haki yake.

Wengi hudhani sheria ya nchi inamkataza binti kurithi. Haimkatazi, na haimruhusu pia; imenyamaza. Kanuni ya Watu na Familia ya mwaka 1993 ilipanga mambo ya ndoa, talaka na watoto, lakini urithi ukabaki mikononi mwa mila. Mswada wa sheria ya urithi uliandaliwa miaka ya mwanzo ya 2000, ukajadiliwa, ukaogopwa, ukakaa mezani mwaka baada ya mwaka. Matokeo yake ni kwamba mabinti wawili wenye shida moja wanaweza kupata hukumu tofauti katika mahakama mbili. Mmoja atapewa sehemu sawa na kaka zake, mwingine atapewa haki ya kutumia tu. Hakimu anayetaka kumsaidia atashika Katiba, inayokataza ubaguzi na kuutambua mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1992. Asiyetaka atashika mila. Haki inayobadilika kwa kubadilika kwa hakimu ni bahati nasibu, na mkulima maskini hawezi kupanga maisha yake juu ya bahati nasibu.

Mwaka 1993 una jambo moja la kutazamwa kwa makini. Mwezi Aprili nchi ilipata kanuni ambayo kifungu chake cha 122 kinamtaja mume kuwa mkuu wa familia. Mwezi Julai wa mwaka huo huo Sylvie Kinigi akawa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho Burundi. Tangu 2005 Katiba inataka wanawake wasipungue asilimia 30 serikalini na bungeni. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuongoza wizara Gitega au Bujumbura, na mdogo wake kijijini asiwe na sauti juu ya mfuko wa kahawa aliyoichuma mwenyewe. Viti hivyo ni muhimu, sivibezi. Lakini wanawake wa Burundi waliokutana Arusha Julai 2000, wakati wa mazungumzo ya amani yaliyosimamiwa na Nelson Mandela, hawakuomba viti peke yake. Waliomba pia haki ya ardhi na urithi. Viti vilipatikana miaka mitano baadaye. Ardhi bado.

Hesabu ya familia mbili

Sasa turudi kwenye hofu yenyewe. Chukua familia mbili jirani, kila moja ina hekta moja, mvulana mmoja na msichana mmoja. Kwa mila, kila mvulana anarithi hekta nzima na kila msichana anaolewa mikono mitupu. Watoto hao wakioana, mvulana wa huku na msichana wa kule, tunapata kaya mbili mpya, kila moja na hekta moja. Sasa gawa kwa usawa: kila mtoto apate nusu hekta. Mvulana wa familia ya kwanza anaingia kwenye ndoa na nusu yake, mke wake anakuja na nusu yake kutoka familia ya pili. Kaya mpya ni zile zile mbili, na kila moja ina hekta moja. Ardhi iliyolimwa haijapungua hata hatua moja. Kilichobadilika ni kwamba ndani ya kila kaya wako watu wawili wenye haki badala ya mmoja.

Kinachokata mashamba vipande vipande ni idadi ya kaya mpya kila kizazi, na hiyo haitegemei kama anayerithi ni wa kiume au wa kike. Watoto sita wakifunga ndoa watahitaji mahali pa kuishi, uwe umewanyima mabinti au umewapa. Tena mgawanyo wa usawa unawasaidia hata baadhi ya wavulana. Fikiria kijana aliyezaliwa katikati ya kaka wanne. Kwa mila anapata moja ya tano ya itongo, na mke wake haji na kitu. Mke akiwa na urithi wake, kijana huyo anainuka. Anayepoteza kweli ni kaka pekee mwenye dada wengi, na yeye nitamrudia, maana si haki kumpita kimya kimya.

Mtu atasema hesabu ni nyepesi kwenye karatasi. Shamba la mke liko Ryansoro na nyumba ya mume iko Makebuko, nani atatembea na jembe umbali huo? Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya ardhi kuisha, na wanaotetea usawa hukosea wanapoirukia. Lakini kurithi si lazima kuwe kulima mwenyewe. Dada anaweza kumuuzia kaka yake sehemu yake kwa malipo ya awamu baada ya kila mavuno, kumkodishia, kubadilishana na jirani, au kupokea thamani yake kwa ng'ombe au fedha zikamsaidia kununua karibu na anakoishi. Wenye kipande mlimani na kingine bondeni kwenye maji tayari wanaishi na umbali. Wanawake wengi hukodi viwanja vya msimu mbali na nyumbani kwa sababu hawana chao. Anayemhurumia mwanamke kwa mwendo wa kwenda shambani kwake amhurumie pia kwa mwendo anaoutembea sasa kwenda kwenye shamba la mwingine.

Kwa ufupi hadi hapa: mila inampa binti matumizi bila umiliki; sheria ya nchi imenyamaza; na kugawa sawa hakupunguzi ardhi ya kaya, kunabadilisha tu nani ana haki ndani yake.

Kazi nyingi, kipato cha mwingine

Katika kilimo cha Burundi wanawake ndio wengi shambani. Wao hulima, hupanda, hupalilia, huvuna maharage na viazi vitamu, hubeba maji na kuni, hupika, hulea. Mgawanyo wa kazi una mgawanyo wa pili ndani yake ambao hautajwi sana: mazao ya chakula ni ya mama, mazao ya fedha ni ya baba. Kahawa na ndizi za pombe ziko juu ya ardhi ya mume, hivyo fedha yake ni ya mume, hata kama mke ndiye aliyepalilia na kubeba kikapu hadi kituo cha kuoshea. Msimu wa mauzo, ambao ungekuwa wa kununua mbuzi au kulipia matibabu, katika nyumba nyingi huwa msimu wa ugomvi. Wapo waume wanaotumia fedha hiyo kumleta mwanamke wa pili, ingawa sheria ya Burundi hairuhusu ndoa ya wake wengi. Mke wa kwanza akilalamika, anaulizwa shamba ni la nani.

Watu husema mwanamke asiye na ardhi afanye biashara. Ni ushauri mzuri kwa mwenye mtaji. Anayetaka kupeleka bidhaa sokoni Muyinga, au kuvuka mpaka wa Kobero kuingia Ngara, Tanzania, anahitaji fedha za kuanzia, na mkopeshaji huuliza dhamana, yaani mali atakayoishika mkopo usipolipwa. Kwa mkulima dhamana ni shamba. Vikundi vya kuweka na kukopa vimewafaa wanawake wengi sana, na ni fahari kuona jinsi vilivyoenea. Ila akiba ya kila wiki hununua mbuzi na mbolea, haifiki bei ya shamba. Wengine hukata tamaa na vilima kabisa. Wasichana huenda Bujumbura kuwa watumishi wa ndani, na tangu Burundi na Saudi Arabia zilipotia saini makubaliano ya wafanyakazi mwaka 2021, njia ya Ghuba imekuwa wazi zaidi. Kwenda si kosa. Ila kuna tofauti kubwa kati ya anayesafiri akiwa na shamba la kurudia, anayeweza kumkatalia mwajiri mbaya, na anayesafiri kwa sababu hana pa kukanyaga kwao.

Nao uzalishaji wa nchi unaumia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba wanawake wakulima wangepata nyenzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangepanda kwa asilimia 20 hadi 30. Sababu inaeleweka bila darasa la uchumi. Kuchimba makinga maji, kupanda miti na kurutubisha udongo kwa samadi ni kazi ya miaka. Hakuna anayeiweka nguvu hiyo kwenye kipande anachoweza kunyang'anywa kesho.

Kwa nini mashtaka hufutwa

Burundi ina sheria ya Septemba 2016 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia. Ina kituo cha Seruka mjini Bujumbura, kilichoanza 2003, na kituo cha Humura mjini Gitega, ambako aliyedhulumiwa hupata daktari, mshauri na msaada wa kisheria mahali pamoja. Hizi ni hatua za kweli, na waliozipigania wanastahili heshima. Hata hivyo swali linabaki: kwa nini wanawake wengi huacha kesi katikati au hawaifungui kabisa? Watu hujibu kwa haraka kwamba wanaogopa aibu, au kwamba wamezoea. Jibu langu ni la kawaida zaidi. Mume akifungwa, ukoo wake unaweza kumwambia mke aondoke kwenye itongo lao. Akiondoka, atakwenda wapi na watoto wanne? Kwao kaka ameshagawana na kaka. Hapo kimya cha mwanamke si udhaifu wa moyo, ni hesabu ya chakula cha watoto.

Utafiti uliofanywa Kerala, kusini mwa India, na kuchapishwa mwaka 2005 uliuliza jambo hilo moja kwa moja. Kati ya wanawake walioolewa wasio na ardhi wala nyumba, asilimia 49 walikuwa wamepigwa na waume zao. Kwa wenye ardhi ilikuwa asilimia 18, kwa wenye nyumba asilimia 10, na kwa wenye vyote viwili asilimia 7. Mwenye shaka atasema labda familia tulivu ndizo huwapa mabinti mali. Watafiti walizingatia elimu, kipato na mambo mengine ya kaya, na tofauti haikufutika. Kerala si Ryansoro, na kuna sehemu za dunia ambako mwanamke anapopata mali mume huona kama changamoto akazidisha ukali, angalau mwanzoni. Sidai kwamba hati ya shamba huzuia kofi. Ninachodai ni kwamba inampa mwanamke mlango wa kutokea, na mume anayejua mlango upo hufikiri mara mbili.

Ndiyo maana sikubali kuutenga ukatili kama suala la tabia peke yake. Gitega ni miongoni mwa sehemu ambako vikundi vya wanaume waitwao Abatangamuco vimefanya kazi kubwa. Hawa ni waume wanaosimama mbele ya majirani na kueleza jinsi walivyoacha kupiga, kunywa mapato ya nyumba na kuamua peke yao. Wanaume kubadilika ni jambo la thamani. Lakini mke wa mume aliyebadilika anategemea wema wa mume huyo, na wema haurithiwi. Akifa, shemeji hajatoa ahadi yoyote.

"Hiyo si mila yetu"

Hoja ya mila hutolewa kama mlango uliofungwa. Tuitazame. Kahawa yenyewe, ambayo leo ni mali ya mwenye itongo, ilienezwa kwa amri za utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930. Kuuza na kununua shamba kwa noti, kudai cheti cha ardhi ofisini, mahari ya fedha badala ya ng'ombe: mila ilimeza yote hayo. Vita vilivyoanza 1993 viliacha wajane na yatima wasio na kaka wala baba mkwe, na maelfu waliorudi kutoka makambi ya Tanzania walikuta itongo limekaliwa. Mila ilijengwa juu ya dhana kwamba kila mwanamke ana mwanamume wa kumtunza: baba, kisha mume, kisha mwana. Dhana hiyo ilipokuwa kweli, kumnyima binti shamba hakukumwacha na njaa. Leo si kweli kwa wengi, na kushika nusu ya mila, ile ya kunyima, huku nusu ya kutunza imeporomoka, ni kuvunja mila zaidi kuliko kuibadilisha.

Hofu ya mgeni kuingia kwenye ardhi ya ukoo kupitia shemeji ilijibiwa vizuri ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya wa mkoa wa Kagera, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hana ruhusa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu mjini Mwanza alisema mwanamke ana haki ile ile ya kuuza aliyonayo mwanamume wa ukoo, na kwamba ndugu anayetaka shamba libaki kwenye ukoo alikomboe kwa kulipa bei. Ukoo ukalindwa bila kumfunga binti mikono.

Rwanda ilipoanza

Rwanda ina vilima kama hivi, msongamano kama huu, na mila ya urithi iliyofanana na hii. Mwaka 1999 ilipitisha sheria iliyowapa mabinti na wavulana haki sawa ya kurithi, na kati ya 2009 na 2013 ikaandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, wake wa ndoa wakiandikwa pamoja na waume. Wakulima wa Rwanda bado wanalima. Ugomvi wa ndugu ulikuwepo, hasa sheria ilipokuwa mpya, na pakajitokeza kasoro ambayo Burundi isiirudie: wanawake walioishi na waume bila ndoa ya kisheria, yaani iliyoandikishwa serikalini, walibaki nje, wengine wakiwa dhaifu kuliko kabla. Kwetu Burundi, mwaka 2017 Rais Pierre Nkurunziza aliamuru wanaoishi pamoja bila ndoa waiandikishe kabla mwaka kwisha. Kulazimisha watu kuoana si njia yangu. Hata hivyo mwanamke ajue kwamba bila karatasi hiyo hoja yake juu ya mali ya nyumba ni nyepesi.

Yanayowezekana kabla ya sheria

Familia haihitaji kusubiri bunge kwa kila jambo. Kanuni ya Ardhi ya mwaka 2011 ilifungua njia ya cheti cha ardhi kinachotolewa na ofisi ya ardhi ya tarafa, na hakuna kinachozuia majina mawili kuandikwa.

- Mume na mke wanaoandikisha shamba waandike majina yote mawili, hasa shamba walilonunua wakiwa pamoja.
- Baba anayetaka binti yake apate sehemu ampe akiwa hai, kwa maandishi, mbele ya wanawe na mashahidi, badala ya kuacha neno la mdomo.
- Igiseke kipimwe na kuandikwa, kisitegemee kumbukumbu ya kaka.
- Abashingantahe, wale wasuluhishi wa kilima wanaosikiliza migogoro kabla haijafika mahakamani, wawe na wanawake wenye sauti wanapoamua juu ya ardhi.

Sasa yule kaka pekee mwenye dada watano. Amekua akijua itongo lote ni lake, ameoa mke asiye na urithi, amejenga, amepanda kahawa. Sheria ikimkuta na kumwambia agawe sehemu sita, atakuwa amelipia peke yake kosa la vizazi vingi, na ataipinga kwa kila njia. Kwa hiyo sheria ya urithi itaje tarehe yake ya kuanza, iache migawanyo iliyokwisha fanyika kwa haki ya wakati wake, imruhusu anayeishi kwenye shamba kuwalipa dada zake thamani kwa miaka kadhaa bila kuhamishwa, na ihesabu kazi aliyoiweka pale. Dada waliowatunza wazazi uzeeni nao wahesabiwe kazi hiyo. Mswada ukiandikwa hivyo, mtetezi wa kwanza wa mabinti anaweza kuwa kijana anayetafuta kuoa, maana mke atakayempata hatakuja mikono mitupu.